Ufunguo wa Syombua

Tangu ndege ilipopaa kutoka Marekani, Kalunde alikuwa amejiapiza kwamba hatamkumbatia Idris mbele za watu. Atampa mkono kama mtu mzima, atamwuliza habari za kwao, kisha ataliangalia gari. Sultan Hamud ni mji mdogo wenye macho mengi, na mwanamke aliyekaa Ohio miaka sita hana haja ya kuwapa watu wa barabara ya Mombasa umbea wa bure.

Basi likamteremsha karibu na kituo cha mafuta, jua likiwa limeshaanza ukali wake. Alipoinua macho, kiapo kikaanza kumponyoka. Ng'ambo ya barabara, kwenye kivuli cha duka la saruji, Syombua alikuwa anamngoja.

Syombua ni Chevrolet Impala ya mwaka wa sitini na nne, mweupe juu, buluu ubavuni, mrefu kiasi kwamba kumgeuza kwenye uwanja wa kawaida ni kazi ya kwenda na kurudi. Marehemu Mutinda, babake Kalunde, alimnunua kwa Mhindi mwenye kinu cha pamba aliyekuwa anahama. Alimfikisha nyumbani Mbumbuni siku ile ile mvua ilipovunja ukame, ndipo watu wakampa jina la msichana aliyezaliwa wakati wa mvua. Tangu hapo hakuna mtu Mbumbuni anayemwita gari.

Na kando ya Syombua alisimama Idris Hassan, mikono ya shati imekunjwa, kitambaa cha kufutia krome kingali mkononi. Kalunde alikuwa amemwona kwenye simu mara nyingi, lakini simu haikuwahi kumwambia kwamba mtu huyu ana mabega ya namna hiyo.

"Karibu nyumbani, mwenyewe," Idris akasema.

Mwenyewe. Hilo ndilo jina alilompa. Mzee Mutinda alipoanza kuugua, alimwomba Idris, mtoto wa rafiki yake Hassan wa Kitui mjini, awe anapita Mbumbuni kumwasha Syombua asije akafa kwa upweke. Mzee akafa yeye. Makaratasi ya Kalunde yalikuwa hayajakamilika, akashindwa kusafiri kuja kumzika babake. Siku ya mazishi Idris alimwendesha Syombua polepole mbele ya jeneza, simu ikiwa wazi juu ya dashibodi, na Kalunde alisikiliza injini ile mpaka kaburini akiwa ameketi kwenye sakafu ya jikoni kwake, Toledo. Baada ya siku hiyo, kila Ijumaa Idris akitoka msikitini alishika njia ya Mbumbuni. Huko Ohio ilikuwa asubuhi, Kalunde anavua viatu akitoka zamu ya usiku hospitalini. Simu italia. "Mwenyewe, sikiza," Idris atasema, kisha atageuza ufunguo.

Mapenzi ya watu wengine huanza kwa maua. Haya yalianza kwa plagi, yakaendelea kwa feni belti na mipira ya breki, vitu ambavyo Kalunde alivisaka Jumamosi kwenye viwanja vya magari mabovu, akavituma nyumbani ndani ya masanduku ya watu. Katikati ya plagi na breki wakajikuta wanazungumza mambo mengine. Nani anaogopa nini. Nani analala vibaya. Nani akicheka hufunika mdomo.

Sasa alikuwa mbele yake. Kalunde akampa mkono, kama alivyojiapiza. Tatizo ni kwamba Idris aliupokea kwa mikono miwili na hakuonekana kuwa na haraka ya kuurudisha.

"Fungua boneti," Kalunde akasema, maana ilibidi aseme kitu.

"Kwanza chai. Umetoka mbali."

"Idris. Fungua boneti."

Idris akajikuna shingo. Akafungua. Kalunde akainama, akatazama, akainuka taratibu.

"Hii kabureta ni ya nani?"

"Ni ya... ya Syombua, kwa sasa."

"Nimekuuliza ni ya nani."

"Ya pikapu," Idris akakiri. "Ile yake ilichoka kabisa. Umejuaje kabla hata hujaigusa?"

"Nilijua nikiwa Toledo. Mwezi mzima uliopita nasikia mtoto wangu anakohoa, na wewe unaniambia ni mtandao. Nilikuwa nangoja uniambie mwenyewe, mtu mzima."

"Ulikuwa unafanya zamu mbili mbili ili upate ruhusa ya kuja," Idris akasema. "Ningekuambia, ungeacha kuja, ununue kabureta. Mimi nilitaka uje."

Maneno hayo yalimpata Kalunde mahali asipopatarajia. Akageukia sanduku lake, akalilaza chini pale pale, akalifungua. Kati ya sweta mbili nene kulikuwa na kabureta ya Impala ya sitini na nne, imesafishwa ikang'aa, imefungwa kama kitoto kichanga.

Idris akaitazama, akamtazama yeye, akacheka mpaka mwenye duka akatoka kuangalia kulikoni.

Waliifunga pamoja, vichwa viwili chini ya boneti moja, Idris akishika tochi ya simu, Kalunde akikaza nati. Mara mkono ukagusa mkono, wote wawili wakajifanya hawakuona. Syombua alipowaka, kikohozi kilikuwa kimekwisha. Sauti ilitoka nzito na tulivu, ile ile aliyokuwa akiamkia utotoni babake alipokuwa anakwenda sokoni, na Kalunde akalia kidogo bila kuona haya. Idris hakumwambia anyamaze. Alimpa kile kitambaa cha krome.

"Usinifiche kitu tena," Kalunde akasema akijifuta.

"Kipo kingine kimoja. Lakini hicho nadhani unakijua."

Kalunde alikijua. Ndiyo maana hakuuliza. Akazunguka, akaketi kwenye usukani, Idris akaketi kushoto.

Walipoacha lami na kushika njia ya Kasikeu, ndipo Idris akatoa lililokuwa linamkaa rohoni.

"Mzee Kilonzo ameniambia nije leo na ufunguo wangu. Ameita watu."

"Mwaitu aliniambia," Kalunde akajibu. Mamake alikuwa amempigia hata kabla hajatoka uwanja wa ndege. "Baba Mdogo Kilonzo amesikia habari zetu. Anataka funguo zote mbili, wako na wangu. Anasema nikiolewa na wewe, Syombua haendi popote."

"Na ikiwa atakulazimisha uchague?"

Kalunde akabadilisha gia. Breki za Syombua zilikuwa zinavuta kushoto kidogo, akalitia hilo akilini.

"Hakuna mtu aliyewahi kunilazimisha kitu nikiwa kwenye usukani huu," akasema. "Wewe niambie tu kama umeleta mbuzi."

"Nilimtuma jana. Nimemchinja mwenyewe asubuhi nilipokwenda kumchukua Syombua."

"Basi twende."

Idris akageukia dirisha kuficha tabasamu. Habari ya mbuzi ilikuwa yao wawili. Kwao Idris ni watu wa malori, wanabeba mbuzi kutoka Mwingi kuwaleta barabara ya Mombasa, na Desemba ya kwanza baada ya kifo cha mzee, alifika Mbumbuni na beberu mmoja kwenye kamba. Kabla ya kuingia getini akampigia Kalunde. "Mwenyewe, nimefika kwenu na mbuzi. Wale?" Kalunde akacheka. "Wale, kwani unataka wamwangalie?" Desemba iliyofuata ikawa vile vile, mbuzi, simu, swali. Kalunde alijibu tena, lakini alipokata simu alibaki ameishikilia. Desemba ya tatu, Idris alipouliza, sauti yake ilikuwa nyingine. Kalunde akaketi kwanza, pale pale kwenye sakafu ya jikoni. Kisha akasema neno moja tu. "Wale."

Nyumbani Mbumbuni sebule ilikuwa imejaa. Mamake Kalunde alimkumbatia akamshika uso, akamlalamikia kukonda. Susu, bibi yake mzaa baba, alikuwa kitini karibu na mlango wa jikoni, mahali ambapo hakuna sahani inayoweza kupita bila yeye kuiona. Na kwenye kiti cha marehemu aliketi Kilonzo, mdogo wa Mutinda, mwanamume mnene wa sauti nzito, mzee wa kanisa, mtu ambaye Mbumbuni nzima inakubali kwamba hajawahi kukosa karamu. Mbele yake kulikuwa na sahani ya nyama ya kuchoma. Hakuwa ameigusa. Hapo ndipo Kalunde alipojua kwamba mambo ni mazito.

"Kijana," Kilonzo akamwambia Idris, baada ya salamu. "Mimi sina ubaya na wewe. Umetunza mali ya ndugu yangu vizuri, Mungu akulipe. Lakini sasa mwenyewe amerudi. Weka ufunguo hapo mezani."

Idris akamtazama Kalunde. Kalunde akaitikia kwa kichwa. Ufunguo ukawekwa.

"Na wewe, mwanangu, weka wako."

Kalunde akavua mkufu shingoni. Ufunguo wa babake ulikuwa umekaa kifuani pake miaka sita, umevuka bahari mara mbili. Akauweka kando ya ule mwingine.

"Nimesikia maneno," Kilonzo akaendelea. "Kama ni uongo, chukua funguo zote mbili, uende kwa amani. Ndugu yangu alisema Syombua ni wa Kalunde, na sisi wote tulisikia. Lakini kama ni kweli unataka kuolewa na Mwislamu huko Kitui, basi Syombua anabaki kwa boma hii. Msichana haendi na gari ya babake kwa watu wengine. Chagua. Gari, ama huyu."

Mamake akainamisha kichwa. Idris akazitazama funguo mbili mezani. Kwa mlango uliokuwa wazi alimwona Syombua uwanjani, mlango wa dereva ukiwa haujafungwa vizuri. Ndani ya gari lile bado kulikuwa na harufu ya ugoro wa babake. Kwenye usukani ule alifundishwa kuendesha, akiwa amekalia mto ili aone barabara. Hakuwa na kaburi alilowahi kulilia zaidi ya gari hilo. Na kando yake, mkono mmoja tu kutoka kwake, alisimama mwanamume aliyempigia kila Ijumaa, hata Ijumaa aliyokuwa na malaria.

Akavuta kiti, akaketi mbele ya baba yake mdogo.

"Nitachagua. Lakini kwanza nikuulize kitu, Baba Mdogo. Yule mbuzi wa Krismasi, mwaka ule tulipompoteza Baba. Ulikula?"

"Mbuzi gani?"

"Aliyeletwa na Idris."

"Nilikula. Nani hakula? Watu walikuwa na huzuni, lazima wangekula."

"Na wa mwaka uliofuata?"

"Sasa Kalunde, unaniuliza maneno ya nyama mbele ya watu?"

"Na wa Desemba iliyopita?"

Kilonzo akaitazama sahani ya nyama mbele yake. Akaisukuma mbali kidogo.

Watu wakatazamana, kwa maana hapo hapakuwa na Mkamba asiyejua kuhesabu mpaka tatu. Wakamba hawana ndoa bila ntheo. Mtu anaweza kufunga pingu kanisani, akaandikwa serikalini, akakaa na mke mpaka wakazeeka, lakini kama wale mbuzi watatu wa ntheo hawajafika kwa kina mke, huyo bado ni mgeni wa watu. Na wakishafika wakaliwa, basi. Msichana ana mwenyewe.

"Hapana," Kilonzo akasema, na sauti ilikuwa imepungua kidogo. "Hapana. Ntheo huletwa ikisemwa ni ntheo. Huyu alileta nyama ya sikukuu."

"Mimi nilimwuliza," Susu akasema kutoka kwa kiti chake.

Watu wote wakageuka.

"Siku ile ya kwanza nilimwuliza, kijana, hii mbuzi ni ya nini? Akanijibu kwa Kikamba kizuri kukushinda wewe Kilonzo. Akasema, Susu, nabisha mlango. Nikaipokea. Mambo ya ntheo si hupokelewa na wanawake wa boma? Nikapokea."

"Mama, mbona hukuniambia?"

"Ulikuwa na mfupa mdomoni."

Mtu mmoja pembeni akakohoa kuficha kicheko, akashindwa, na wengine wakamfuata. Kilonzo akangoja watulie. Hakuwa mtu wa kushindwa upesi.

"Ntheo huletwa siku moja. Si moja leo, moja mwakani."

"Ya babako ilikuja mbili wakati wa njaa," Susu akasema, "na ya tatu ikaja baada ya mvua. Kama mimi sikuolewa, niambie leo, niende nyumbani kwetu."

Hapo hata mamake Kalunde akacheka, akifunika mdomo kwa leso.

"Basi msichana," Kilonzo akasema, na hiki ndicho kilichokuwa kisiki chake cha mwisho, akakishika kwa mikono miwili. "Msichana lazima aulizwe. Bila yeye kusema kwamba watu wale nyama, hiyo si ntheo, ni wizi. Na Kalunde alikuwa Amerika."

"Nilikuwa Amerika," Kalunde akakubali. "Na kila mwaka, kabla hajaingia kwa hilo geti, alinipigia akaniuliza. Wale? Mwaka wa kwanza nilijibu kwa mzaha. Wa pili nilijibu nikakosa usingizi. Wa tatu nilikuwa najua nasema nini, Baba Mdogo. Nilijua vizuri sana. Nilisema wale."

Hakuwa amewahi kumwambia Idris hivyo. Akamtazama, na Idris alikuwa anamtazama kwa macho yaliyojaa mpaka pomoni, amesahau kwamba kuna watu.

"Wewe kijana," Kilonzo akamgeukia. "Ulijua unachofanya?"

"Nimezaliwa Kitui, mzee. Nilijua."

"Na hukunitangazia."

"Nilimwambia anayepokea, nikamwuliza anayeulizwa. Wewe nilikuona umefurahi, nikaogopa kukukatiza."

Mla mbuzi hulipa ng'ombe, walisema wahenga, na Kilonzo sasa alikuwa anauona ng'ombe wake. Alijifuta uso kwa kitambaa. Alipozungumza tena hakuwa mzee wa kanisa, wala msemaji wa boma.

"Na dini?" akauliza. "Watoto wataitwa nani?"

"Wataitwa kwa majina yao na wataitika," Kalunde akajibu. "Mimi nitabaki kanisani kwetu, yeye abaki msikitini kwao. Tumelizungumza hilo Ijumaa nyingi, Baba Mdogo. Mamake Idris pia ana maswali yake, na kesho tunakwenda Kitui akaniulize. Sisi si watoto."

Kilonzo akatazama uwanjani. "Ndugu yangu ameenda," akasema polepole. "Kila nikisikia hiyo injini Ijumaa, naona kama anatoka sokoni. Natoka mpaka kwa mlango. Halafu nakumbuka. Mkimpeleka Kitui, mimi nitakuwa natoka kwa mlango kuangalia nini?"

Kumbe ni hilo. Watu kuitwa, funguo kuwekwa mezani, na kumbe ni hilo tu. Kalunde akahisi hasira yake yote imeyeyuka, akasogeza kiti chake mpaka magoti yao yakakaribiana.

"Nani amekuambia Syombua anahama? Banda lake liko hapa. Mimi narudi Ohio, mkataba wangu unaisha mwezi wa sita, halafu narudi nyumbani kabisa. Mpaka siku hiyo Idris atakuja Ijumaa kama kawaida. Tofauti ni kwamba hutasimama mlangoni. Utaketi mbele, mwende mpaka sokoni na kurudi, na wewe ndiye utanishikia simu nisikilize." Akaweka mkono wake juu ya meza, karibu na funguo. "Lakini funguo ni zangu, Baba Mdogo. Na Idris ni wangu. Sitachagua, kwa sababu nilishachagua, na ukala."

Jikoni sufuria ya muthokoi, mahindi ya kukobolewa na maharagwe, ilikuwa inachemka. Kilonzo akautazama ufunguo wa ndugu yake, akaushika, akaufuta kwa kidole gumba, akauweka kwenye kiganja cha Kalunde. Ule wa pili akausukuma kwenye meza mpaka ukafika upande wa Idris.

Kisha akakaa wima, akarekebisha koti lake.

"Ya simu mimi siijui," akasema. "Nataka nisikie kwa masikio yangu, mbele ya mama yangu na ya watu hawa. Hii nyama iko hapa imeletwa na huyu kijana. Mwanangu Kalunde, tule?"

Kalunde akamgeukia Idris, bila haraka. Alitaka kuuona uso ule vizuri, bila kioo cha simu katikati, wakati analisema neno hilo kwa mara ya nne.

"Kuleni."

Kilonzo akavuta sahani.

"Haya," akasema, "leteni chumvi."